Wamenikata 1,545,000 kwa mgeni aliyelala, akala, na Maziwe akaenda. Hesabu hii inakwendaje?

BiRaskazone

Habari za jioni wakubwa. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Tanga, upande wa Raskazone. Wageni wakitaka bahari nawapeleka Pangani kwa gari, kisha boti mpaka kisiwa cha Maziwe. Wa nje wengi wanalipa kwa kadi kupitia linki ninayowatumia. Kampuni ya malipo inakata asilimia 3.5 yake, na kila Jumanne inanitumia kilichobaki benki.

Jumanne hii nilitegemea 2,229,150. Mauzo ya wiki yalikuwa 2,310,000, toa kamisheni 80,850. Imeingia 684,150. Nikasema labda wametuma nusu, nikaenda mpaka dirishani benki, yule binti akaniambia mama, kilichotumwa ndicho hiki. Nimerudi nyumbani nimefungua akaunti yangu kwenye mtandao wao, nakuta mstari mwekundu umeandikwa chajibeki, 1,545,000 imetolewa. Barua pepe ya kunitaarifu ilikuja siku hiyo hiyo, ndefu, ya Kiingereza cha mahakamani.

Wanaodai ni familia ya watu wanne kutoka Ujerumani. Walilipa 1,480,000: malazi ya siku mbili na chakula 1,060,000, safari ya Maziwe 420,000. Walilala. Walikula, tena yule baba aliomba aongezewe pweza wa nazi. Kisiwani walikwenda. Wamefika kwao, baba kaiambia benki yake kuwa huduma haikuwa kama alivyoelezwa, kwamba kaahidiwa kisiwa na kisiwa kikapotea.

Wenyeji mnaijua Maziwe. Ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa lote. Wamekaa kama saa moja na nusu, nahodha akasema jamani tupakie, maji yanajaa. Na hilo niliwaandikia kabla hawajalipa, kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi, na nikarudia WhatsApp usiku wa kuamkia safari.

Sasa naomba mnieleweshe. Kwa nini wakate kabla hata sijaulizwa? Kwangu mimi iliingia 1,428,200 tu, hiyo 1,545,000 wameitoa wapi? Na wamenipa mpaka tarehe 19 nikubali au nipinge. Napinga vipi, na nikipinga hela inarudi? Mishahara ya watu wawili ilikuwa humo, kwa hiyo anayetaka mzaha aende uzi mwingine.

Kumi_na_Moja_Ngamiani

Dada pole, lakini dawa ni moja, keshi. Mtu akilala, anakulipa mkononi, kwisha habari. Kadi ni mambo ya watu wa mahoteli makubwa wenye wanasheria.

BiRaskazone

Keshi ya nani, kaka yangu? Mtu yuko Munich mwezi wa pili, anataka nimshikie chumba cha mwezi wa saba, keshi ataitupa kwa dirisha?

MhasibuChumbageni

Pole, bibie. Nilikaa dawati la kadi kwenye benki miaka mingi, sasa nafunga hesabu za nyumba za wageni kama yako, hapa mjini, Pangani na Lushoto. Mstari huo mwekundu nauona sana. Chajibeki ni mteja kuilalamikia benki yake, nayo ikamrudishia hela aliyolipa kwa kadi.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayokuuma. Mgeni anadai 1,480,000 kwa sababu ndiyo iliyotoka kwenye kadi yake. Kamisheni yako haimhusu. Benki yake inamrudishia kiasi hicho, kisha inakidai kwa benki inayopokea malipo yako, kupitia mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Benki hiyo inaikata kampuni yako ya malipo. Kampuni inakukata wewe, na chini yako hakuna mtu. Zile 51,800 za kamisheni ulizokatwa siku ya mauzo hazirudi. Dalali wa samaki pale Deep Sea naye hakurudishii chake eti kwa sababu mteja kaleta samaki nyuma. Juu ya 1,480,000 wameongeza 65,000, ada ya kushughulikia pingamizi la mgeni. Jumlisha 51,800 na 65,000 unapata 116,800, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya ulichopokea na ulichokatwa. Kwa hiyo hesabu yao iko sawa, ila namna ya kukueleza ndiyo mbovu. Ada hiyo itafute kwenye mkataba, aghalabu iko kurasa za mwisho kwenye jedwali la tozo, na uangalie kama inarudi ukishinda. Wengi hawairudishi hata ushinde.

Kwa nini wakate kwanza? Wao wameshakatwa, hilo ndilo jibu. Benki ya mgeni haingoji hukumu. Kampuni ikikuachia hela mpaka shauri liishe, na linaweza kwenda miezi, inakuwa imekukopesha bila riba, na haijui kama wakati huo bado utakuwa unauza. Ndiyo maana hawakuandikii ankara wakasubiri ulipe, wanachota kwenye malipo yako yanayofuata. Wewe una bahati wiki hiyo ulikuwa na mauzo. Ingekukuta masika, Aprili au Mei, vyumba vitupu, salio lako lingesoma hasi na kila mgeni atakayelipa baadaye hela yake ingeanza kufuta deni kabla wewe hujaona senti. Mikataba mingine inawapa ruhusa ya kuingia hadi kwenye akaunti yako ya benki. Na pingamizi za wageni zikijirudia wanaweza kuanza kukuzuilia sehemu ya kila mauzo, mara nyingi asilimia 10 kwa miezi sita, iwe dhamana. Hiyo ya kuzuiliwa ndiyo naiogopa kuliko hata kupoteza 1,480,000, kwa sababu inakukaba kila wiki.

Sasa kupinga. Soma notisi utafute namba ya sababu. Kama kadi ilikuwa Visa utakuta 13.3, kama Mastercard 4853. Zote mbili zinaingiza dai la huduma isiyolingana na maelezo. Ingekuwa Visa 10.4 au Mastercard 4837, mgeni angekuwa anasema kadi yake ilitumika bila idhini yake, na ushahidi ungekuwa mwingine kabisa. Nimeona watu wakishindwa kesi za wazi kwa sababu wamejibu wasichoulizwa. Wanapeleka picha ya mgeni anacheka kwenye boti, picha ya kitanda kimetandikwa maua. Huyu wako hakatai kwamba alikuja. Anasema alichokikuta sicho alichouziwa. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kabisa iwe ule ujumbe wako wa kuthibitisha, sehemu inayosema fungu linafunikwa maji yakijaa, na tarehe yake ionekane iko kabla ya tarehe ya malipo. Pigia mstari. Ule wa WhatsApp ufuate, na namba yake ya simu ionekane.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakikumbuki. Maziwe ni hifadhi, na kiingilio kinalipwa serikalini kwa kontroo namba. Risiti hiyo unayo? Inaonyesha tarehe na idadi ya watu, na imetolewa na mtu ambaye si wewe. Afisa wa benki aliyekaa Ujerumani hakujui wewe wala mimi, ila karatasi ya serikali anaielewa. Weka na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ya 1,480,000, na ukurasa wa kitabu cha wageni wenye sahihi yake ya kuingia na kutoka.

Jambo jingine: je, alipokuwa hapa alilalamika? Kanuni za kadi zinamtaka mteja wa dai la aina hii ajaribu kwanza kumalizana na mfanyabiashara kabla ya kwenda benki. Kama hakusema neno mpaka anaondoka, na hakukuandikia baadaye, liseme hilo kwa sentensi moja.

Na nimefurahi kuona ankara yako imetenganisha malazi na safari. Hapo una ngome ya pili. Kwanza pinga dai lote. Kisha andika kwamba hata kama benki itaona safari ilikuwa na kasoro, malazi na chakula vya 1,060,000 alivitumia vyote na hajavilalamikia, kwa hiyo kinachoweza kubishaniwa ni 420,000 peke yake. Mteja hana haki ya kurudishiwa huduma aliyokwisha kuila. Nimeshaona benki ikigawa hivyo.

Barua yako iwe ya Kiingereza, ukurasa mmoja, usimtukane mtu. Anayeisoma ana mafaili mengine mezani na hatakupa robo saa.

NahodhaWaUshongo

Bi mkubwa, na jedwali la maji usilisahau. Siku za bamvu, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, na kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Ndiyo maana saa ya kuondoka haiwezi kuwa ile ile kila siku. Jedwali la bandari ya Tanga la tarehe ile linaonyesha maji yalikuwa wapi saa ngapi. Mzungu akiona mchoro wa maji hana la kusema, kwao pia bahari inapwa. Na mwambie nahodha wako aandike karatasi: tumetia nanga saa fulani, tumeng'oa saa fulani. Tena watu wanaotaka kukaa kutwa nzima Maziwe huwa nawaambia mapema, mtakaa na kasa chini ya maji.

Kinyago_Bagamoyo

Niko Bagamoyo, nauza ngoma na vinyago jirani na pale Taasisi ya Sanaa, na natuma nje. Yangu ilikuwa ile 10.4 aliyoitaja mzee. Mtu kaagiza ngoma tatu, kadi ikakubali, nimezituma, kumbe kadi ya wizi. Mwenye kadi halisi kalalamika, nikakosa ngoma, nikakosa hela, na ada juu. Kwa aina hiyo ushahidi wa kutuma mzigo haukunisaidia kitu, kwa sababu aliyepokea siye mwenye kadi.

Sasa hivi nimewaambia kampuni ya malipo wawashe ile hatua ambayo benki ya mteja inamtumia namba ya siri ya mara moja kabla malipo hayajapita. Malipo yakipita hapo, mtu akidai kadi imetumika bila yeye, hasara kwa kawaida inabaki kwa benki iliyotoa kadi, si kwangu. Wateja wachache wanakata tamaa njiani, sawa, waende. Lakini kwa kesi ya dada haisaidii, mgeni wake hakatai kwamba alilipa.

Kingine, angalieni jina linalotokea kwenye taarifa ya kadi ya mteja. Langu lilikuwa linatoka jina la kampuni ya malipo na tarakimu, duka halionekani. Mama mmoja wa Kanada aliniandikia kwa hasira akiuliza nyinyi ni kina nani, na yeye mwenyewe kanunua kinyago. Aliniandikia mimi kwanza, mwingine angeenda benki moja kwa moja.

BiRaskazone

Shikamoo mzee wangu wa Chumbageni, na asante nyote. Kweli notisi inasema 13.3, nilikuwa nimeiona nikadhani ni namba ya faili. Risiti ya hifadhi ninayo, ya watu wanne. Jedwali nitalifuata bandarini.

Sasa limetokea jipya. Yule baba kaniandikia WhatsApp leo asubuhi, kwa upole kabisa, kwamba nikimtumia euro 200 yeye "ataongea na benki" yaishe. Mume wangu anasema tumtumie, euro 200 si kitu mbele ya 1,480,000. Mimi roho inasita. Halafu naomba unieleze na hili: wageni wangu wa mwezi wa saba wanaolipa mwezi wa pili, wanaweza kudai mpaka lini? Maana naona kama hela ya kadi haiwi yangu kamwe.

MhasibuChumbageni

Marahaba mwanangu. Roho yako inasita vizuri, isikilize. Usitume hata euro moja shauri likiwa wazi. Hela utakayotuma kwa njia ya pembeni haionekani kwenye mfumo wa kadi. Akikaa kimya, umempa 200 na amebaki na 1,480,000 zake. Mteja mmoja wa Lushoto, si mimi niliyekuwa namfungia hesabu wakati huo, alimrudishia mgeni wake kiasi chote baada ya pingamizi kufunguliwa, akitaka amani. Hela ikatoka mara mbili, kwa kurudisha na kwa kukatwa, na kuifuatilia ile moja kulichukua msimu mzima.

Kama kweli anataka yaishe, mjibu kwa adabu: aiandikie benki yake kwamba anafuta dai, akutumie nakala ya barua au ya barua pepe hiyo. Wewe uiambatishe kwenye ushahidi wako, na upeleke ushahidi hata hivyo kabla ya tarehe 19. Ukikaa kimya kwa sababu kasema amefuta, mfumo unahesabu umekubali. Na huo ujumbe wake wa leo usiufute. Piga picha ya skrini. Mtu anayedai huduma ilikuwa mbovu kisha anapunguza bei ya dai lake kwa WhatsApp, hilo nalo benki waliangalie.

Kuhusu muda. Kwa madai kama haya kipimo cha kawaida ni siku 120. Ila kwa kitu kinacholipiwa mapema hazianzi siku ya malipo, zinaanza siku huduma ilipotolewa au ilipotarajiwa. Mgeni wa Julai 20 aliyelipa Februari anaweza kudai mpaka katikati ya Novemba. Visa wameweka ukomo wa siku 540 tangu siku ya muamala, baada ya hapo mlango umefungwa. Kwa hiyo hela ya amana ya chumba ambacho mgeni hajakilalia, mimi huwaambia wateja wangu waiandike kama deni, wasiihesabu kwenye faida na wasiijengee choo.

Siku ulizopewa wewe za kujibu ni chache kuliko zile mtandao wa kadi unazozipa benki, kwa sababu kila mmoja katikati anajikatia za kwake za kushughulikia. Kwa hiyo tarehe 19 ni 19. Peleka tarehe 15 ukiweza. Ushahidi unapelekwa mara moja, hakuna "niliyosahau nitaongeza kesho".

Ukishinda, 1,480,000 itarudi kama mstari wa kuongeza kwenye malipo ya Jumanne moja huko mbele, bila barua ya pongezi. Usipofungua mchanganuo hutaiona, utadhani wiki ilikuwa nzuri. Mgeni bado anaweza kulisukuma shauri hatua ya juu kupitia benki yake, na huko mtandao wa kadi ukiamua, anayeshindwa hubeba ada ya mamia ya dola. Kwa dai la 420,000 hakuna mwenye akili atakayefika huko. Kwa lote, labda, ila sidhani.

Moja kuhusu vitabu vyako, kwa kuwa nakujua utamkabidhi mtu wa TRA, wale wa kodi. Usiandike mauzo ya wiki kuwa 684,150. Mauzo ni 2,310,000. Kamisheni 80,850 ni gharama. Ile 1,480,000 iweke akaunti yake yenyewe ya madai yanayobishaniwa mpaka shauri liishe, na 65,000 ni gharama ya benki. Ukiandika kilichotua tu, mwisho wa mwaka risiti za EFD na vitabu havitakutana, na hapo utaanza kesi nyingine isiyo na Mjerumani ndani yake.

Kumi_na_Moja_Ngamiani

Mzee hapo nimekuelewa. Swali dogo: bei yetu iko kwa shilingi sasa, tangu zile kanuni za 2025 za kukataza kutoza kwa dola. Mteja analipa kwa euro. Akirudishiwa, tofauti ya kubadilisha hela anabeba nani?

MhasibuChumbageni

Ukiuza kwa shilingi, muamala wako ni wa shilingi na unachokatwa kwa kawaida ni shilingi zile zile. Kupanda na kushuka kwa euro ni kati yake na benki yake. Zamani watu walipokuwa wanauza kwa dola na kulipwa kwa shilingi, waliuza dola ikiwa chini, wakakatwa ikiwa juu, na tofauti waliila wao. Mara chache utaona kiasi kwenye notisi kimepishana kidogo na cha mauzo kwa sababu ya kubadilishwa huku na huku. Kikizidi, lalamikia ziada hiyo kwenye jibu lako.

Na wale mnaopokea wageni kupitia tovuti za kuhifadhi vyumba, angalieni nani aliyechaji kadi. Kama tovuti ndiyo iliyochaji, mbele ya benki muuzaji ni tovuti, pingamizi linaanzia kwao. Wanaweza kukukata wao baadaye, lakini kwa mkataba wenu, si kwa kanuni za kadi.

BiRaskazone

Nimemjibu yule baba kama ulivyosema, mzee wangu. Kasoma, tiki mbili za bluu, kimya. Faili naliandaa: ujumbe wa kuthibitisha, WhatsApp, risiti ya hifadhi, EFD, jedwali la maji, karatasi ya nahodha, kitabu cha wageni. Mume wangu kanyamaza. Kuna kitu kimebaki?

MhasibuChumbageni

Unganisha yote kwenye PDF moja ndogo, mifumo mingi inakataa mafaili makubwa bila kukuambia, na upate uthibitisho kwamba imepokelewa. Ukurasa wa kitabu cha wageni ufunike namba za pasipoti na majina ya wageni wengine wa siku ile. Acha jina lake, tarehe na sahihi tu.